Tangu mke wangu afariki, mabeki wameacha kunikaba

Wakuu, habari za Jumapili.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi na mchangiaji wa kubahatisha, hasa kwenye nyuzi za kilimo na zile za pikipiki. Leo nimefungua uzi wangu mwenyewe. Najua kuna watakaosema ni chai, stori ya kutunga. Sawa, lakini haya yamenitokea mimi, Sumbawanga hii hii, na shahidi yupo hai na ana afya kunizidi.

Na kabla hamjaanza vichekesho vyenu vya uchawi: ndiyo, nimesema Sumbawanga. Ungo sina na radi siuzi. Aliyekuja kwa ajili ya hayo apite jukwaa la jirani. Huu ni uzi wa mpira, na ndani yake kuna msiba.

Mnivumilie nikichelewa kufika kwenye pointi. Siku hizi sina mtu wa kumsimulia kitu kirefu, kwa hiyo hapa nitajipa nafasi.

Iko hivi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti na madirisha, lakini kazi inayonilisha ni plau na mikokoteni, maana huku kwetu juu ng'ombe ndiye trekta la wengi. Mvi zipo, na goti la kushoto linajua mvua inakuja kabla ya redio.

Pamoja na hayo yote, kila Jumamosi alasiri navaa jezi namba tisa naenda kucheza na maveterani wenzangu kwenye uwanja wa shule ya msingi.

Tuko timu mbili tu, miaka yote zile zile. Sisi wa mjini na wale wa Pito, nje kidogo ya mji. Hakuna kombe wala msimamo wa ligi. Tunacheza, tunatukanana kistaarabu, halafu kila mtu anarudi kwake kujichua mafuta.

Sasa kwa wale ambao hawajawahi kucheza sentafowadi, nieleze kidogo, msije mkapotea mbele.

Watu wanaona magoli tu. Wanadhani namba tisa ni sherehe. Ukweli ni kwamba muda mwingi umesimama peke yako mbele kule, wenzako wote wako nyuma yako, mpira uko mbali, na wewe umeligeuzia goli mgongo unasubiri. Gemu nzima unaweza kuugusa mpira mara chache za kuhesabika. Ukikosa, wewe ndiye uliyefungisha. Ukipata, ni winga ndiye aliyepiga krosi nzuri.

Aliyenirithisha hiyo jezi ni Kaka Festo, ambaye siku hizi ni katekista. Alikuwa ananiambia, "Dogo, mpira usipofika usirudi kuufuata. Kaa. Wakikutafuta wakukute." Kabla yake alikuwepo mmoja tulimwita Treni, huyo alihamia Kaoze analima na hataki hata kusikia habari za mpira. Nadhani alichoka kusubiri.

Hawa vijana wa sasa namba tisa anashuka mpaka kwa mabeki wake kuomba mpira. Mimi naita hiyo ni namba nane aliyeiba jezi ya mtu. Lakini tusigombane, tuendelee.

Ninachotaka mkishike ni hiki. Mtu wa karibu wa sentafowadi uwanjani siyo mchezaji wa timu yake. Ni stopa wa timu pinzani. Yule anayekukaba. Ndiye anayepumua shingoni mwako tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Anajua umekula nini mchana. Anajua mguu gani unauma.

Wangu mimi anaitwa Maduhu.

Maduhu ni Msukuma. Wazazi wake waliingia Rukwa na ng'ombe, wakashukia bondeni upande wa Milepa, na ng'ombe wa ukoo mpaka leo wako huko. Yeye alioa Pito akabaki huku juu analima mahindi na maharage. Ni mrefu, mifupa mitupu, na viwiko vyake nimevijua tangu tukiwa vijana tunacheza ligi ya wilaya.

Yeye ananiita mtani, nami namwita mtani. Siyo utani wa kabila na kabila, ni wetu wawili, ulianzia uwanjani. Yeye mimi ni "mzee wa ulezi". Mimi yeye ni "mkia wa ng'ombe".

Mpira ukiwa upande wa pili, sisi tunapiga stori. Sitanii. Habari za mtoto wake wa kwanza kuzaliwa nilizipata nikisubiri kona. Siku alipogombana na shemeji yake kuhusu mpaka wa shamba, nilimshauri ndani ya boksi. Mpira ukija, anaacha sentensi katikati, ananifagia miguu, halafu anainuka anaimalizia.

Mke wangu, Mama Skola, hakuwahi kuja uwanjani hata siku moja. Alikuwa anasema haoni sababu ya wanaume wazima kukimbizana na hakuna aliyeiba kitu.

Lakini jezi alikuwa anafua yeye. Nikirudi anaivua mwilini mwangu pale mlangoni, anaigeuza geuza, anaisoma. "Leo amekuangusha ubavuni," anasema. Au, "Leo mmeshikana mashati." Hakukosea. Alijua gemu yote kutoka kwenye matope.

Mama Skola alifariki kipindi kile cha baridi na upepo. Presha. Ilikuwa asubuhi, na hadi mchana nyumba ilikuwa imejaa watu na yeye hayupo.

Sitaandika sana hapo. Waliopita wanajua, na ambao hawajapita Mungu awacheleweshee.

Binti yetu Skola anafanya kazi Mbeya. Alikuja, akakaa mpaka ruhusa yake ikaisha, akarudi. Ananipigia kila jioni. "Baba umekula?" Nimekula. Wakati mwingine nimekula kweli.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia kuhusu kufiwa ni lugha. Mimi na Mama Skola nyumbani tulikuwa tunaongea Kifipa. Skola namwongelesha Kifipa ananijibu Kiswahili. Wateja Kiswahili. Sokoni Kiswahili. Nikajikuta Kifipa changu nakiongea na kuku. Kuna siku nilimaliza wiki nzima sijakisikia kwa mtu, nikaenda kusimama nje ya kanisa watu wakitoka, nisikilize tu.

Baridi ya Sumbawanga mnaisikia. Kitanda cha watu wawili kwa baridi hiyo ni kipana sana kwa mtu mmoja.

Basi, arobaini ikapita. Wenzangu wakaja wakaniambia, "Fundi, njoo uwanjani, utoke nje kidogo." Nikaenda.

Wakuu, siku ile nilifunga goli.

Krosi ilikuja chini, nikageuka, nikapiga, kipa akaruka pembeni, nyavu. Hatuna nyavu kwa kweli, lakini mnanielewa. Watu wote wakapiga makofi, hata wa Pito. Nilirudi nyumbani nimechangamka. Nilifika mlangoni nikakumbuka hakuna wa kuisoma jezi, lakini nilikuwa na goli langu.

Jumamosi iliyofuata nikafunga tena. Iliyofuata tena, nikatupia mawili. Nikaanza kujiona. Nikiwa kibandani nachomelea najiambia, kumbe bado. Mwili huu bado upo.

Jambo moja tu lilikuwa linanikera. Maduhu alikuwa kimya.

Alikuwa anasimama mbali nami. Mpira ukiwa upande wa pili anatazama milingoti, ile mikaratusi ya shule. Nikimwambia neno anajibu "Ndiyo, Fundi", "Hapana, Fundi". Fundi! Huyu mtu hakuwahi kuniita Fundi hata siku anayoleta plau yake. Nikasema labda ananiheshimu kwa sababu ya msiba. Nikasema labda naye amezeeka, hawezi tena kukimbizana nami.

Binadamu tunapenda kujidanganya pale inapotupendeza.

Kisha mvua zikaanza. Na huku mvua ikianza uwanja wetu unakuwa jaruba. Tukacheza hivyo hivyo, watu wakateleza, wakabiringika, kila mtu alitoka pale hatambuliki. Nami nikatupia bao langu kama kawaida.

Kesho yake nikachota maji nikaloweka jezi.

Nikasugua. Nikasuuza. Nikatazama ndani ya beseni.

Maji yalikuwa meupe.

Nilikaa pale uani na jezi mkononi sijui muda gani. Nikaigeuza, mgongo, ubavu, kifua. Hakuna tope. Pindo la chini lilikuwa na matone machache ya kurushiwa, basi. Siku ambayo hata refa alikuwa na tope masikioni, mimi sentafowadi, mtu wa kugombania mpira katikati ya mabeki, nimerudi nyumbani safi.

Hakuna aliyekuwa amenigusa.

Nikaanza kurudisha nyuma magoli yangu yote, moja moja. Kipa anaruka upande ambao sikupiga. Beki anateleza kabla sijafika. Nafasi inafunguka mbele yangu yenyewe. Nilisikia joto la aibu linapanda mpaka masikioni, na nilikuwa peke yangu uani na kuku.

Jumatatu nikaenda dukani kwa Hamadi. Huyu ndiye kipa wa Pito. Ana duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, lakini amezaliwa Pito, baba yake alikuwa na duka la rejareja kule, kwa hiyo anadakia nyumbani kwao. Ni mtu muungwana sana. Hawezi kusema uongo akitazamwa.

Nikaagiza vijiti vya kuchomelea. Alipokuwa anafunga nikamuuliza.

"Hamadi, lile goli la juzi uliruka kulia. Mimi nilipiga wapi?"

Akaendelea kufunga karatasi ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Fundi, ndugu yangu..."

"Nilipiga wapi?"

"Kushoto."

"Na uliona nimepiga kushoto."

"Niliona." Akaweka vijiti mezani. "Usichukie. Tulikaa siku ya arobaini, timu zote mbili. Tukasema Fundi hana raha, nyumba imemwinamia. Tukasema basi akija tumwachie. Apate kufurahi. Ilikuwa ni namna yetu ya kukupa pole."

"Nani mwingine anajua?"

"Wote," akasema Hamadi. "Hata refa."

Sikumtukana. Huwezi kumtukana mtu mwenye uso ule. Nilichukua vijiti vyangu nikatoka, nikafika kibandani nikakaa bila kuwasha mashine. Watu walikuwa wamenichangia magoli kama wanavyochangia unga wa msiba. Na mimi nilikuwa nayahesabu kuwa ni yangu.

Lakini wakuu, mnajua kilichoniuma zaidi siyo magoli. Magoli nimefunga mengi ya kweli enzi zangu. Kilichoniuma ni kwamba ile saa moja na nusu ya Jumamosi ndiyo ilikuwa imebaki kwangu. Sehemu nyingine zote za wiki watu walikuwa wananipisha. Sokoni wananipisha. Kanisani wananipa benchi zima. Majirani wakiniona wanashusha sauti. Nilidhani uwanjani angalau kuna mtu anasimama karibu nami. Kumbe na kule walikuwa wamenipisha.

Nikaamua kwenda Pito.

Plau ya Maduhu ilikuwa kwangu, imekwisha kuchomelewa. Nikaifunga kwenye baiskeli nikaisukuma mpaka kwake. Alinipokea kwa adabu mpaka nikaona kinyaa. Kiti kikaletwa, kikafutwa. Mke wake akaleta karanga za kukaanga, akasema "Karibu shemeji" kwa sauti ya wodini, akaondoka.

Nikamwambia Maduhu, "Nimejua. Hamadi ameniambia."

Akainama.

"Sasa nimekuja kukuomba," nikasema. "Jumamosi unikabe. Unikabe kama zamani."

"Siwezi, Fundi."

"Kwa nini?"

"Umepungua. Nitakuumiza."

"Niumize."

Akatikisa kichwa. "Siwezi kumrukia mtu aliyefiwa. Kwetu haipo. Hata hapa kwenu naona haipo. Watu watanionaje?"

Nikamwambia wewe ni mtani wangu. Makaburini nilikuwa nasubiri useme upuuzi wowote, mtani si ndiye huwa anasema? Hukusema. Ulichimba kaburi, ukashika koleo, ukaondoka. Akasema, "Nilijua unasubiri." Nikapanda baiskeli yangu nikaondoka na hasira. Njia ya kurudi yote upepo ulikuwa unanipiga usoni na nilikuwa naongea peke yangu kwa sauti.

Jumamosi ikafika.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana. Mbele ya goli la Pito kulikuwa na dimbwi la kuogea bata. Watazamaji hawakuwa wengi, bodaboda kadhaa, na wanawake waliokuwa wanatoka shamba na majembe yao, wakasimama kuangalia wazee wanavyoteleza.

Nilianza uchokozi tangu filimbi ya kwanza. Nikamkanyaga Maduhu mguu makusudi. Akasema samahani. Yeye aliyekanyagwa ndiye anaomba samahani! Nikamwambia nasikia ng'ombe wenu wa Milepa wamekonda, mnawafunga mawe wasipeperuke. Akatazama milingoti. Nikamvuta jezi, akaniacha niivute.

Kisha winga wetu akachomoka pembeni akaleta krosi. Niliuona mpira unakuja, nikamwona Maduhu anarudi nyuma, anarudi, ananifungulia njia ambayo ningeweza kupitisha mkokoteni. Nikautuliza. Hamadi akajirusha upande wa kulia wakati mimi bado hata sijainua mguu. Goli tupu mbele yangu.

Nikausimamisha mpira kwenye mstari.

"Piga!" Wote wanapiga kelele, wa kwetu na wa kwao. "Piga Fundi!"

Nikaugeuza. Nikaanza kurudi nao. Wenzangu wakadhani nimechanganyikiwa, mmoja akaja kunishika mkono nikamsukuma. Nikaenda na mpira mpaka alipo Maduhu, nikauweka mbele ya miguu yake.

"Nikabe," nikamwambia.

"Fundi, watu wanaangalia."

"Waangalie. Nikabe."

"Fundi, tafadhali."

Hapo ndipo nilipopasuka. Sikuwa nimepanga kusema lolote, na sauti iliyotoka hata mimi sikuitambua.

"Nyumbani hakuna anayenigusa, Maduhu. Naamka hakuna, nalala hakuna. Nakuja hapa nipate hata kiwiko. Na kiwiko nacho mnaninyima?"

Mama mmoja kule pembeni alishusha jembe begani akaliweka chini. Refa wetu, mwalimu mstaafu, alivua miwani akaanza kuifuta, na shati lake lilikuwa limelowa kwa hiyo alikuwa anazidisha uchafu tu.

Maduhu akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu makaburini.

Halafu akaupiga ule mpira kwa nguvu zake zote, ukaenda kutua kwenye milingoti ya shule. Akasema, "Haya. Rudi kwenye namba yako."

Nikarudi. Nikasimama pale pale sentafowadi anaposimama, mgongo golini. Nikamsikia anakuja nyuma yangu. Nikasikia pumzi yake shingoni. Wakuu, nisiwafiche, machozi yalikuwa yananitoka na mpira ulikuwa bado haujaokotwa.

Ulipoletwa, kiungo wetu akanipigia pasi ya chini. Nikauzuia, nikamsikiliza yuko upande gani, nikageuka kuelekea kushoto kama nilivyokuwa nageuka enzi zile. Nilipita. Naapa nilikuwa nimepita.

Ndipo ikaja miguu miwili.

Sikumbuki nilipaa vipi. Nakumbuka dimbwi. Nilikula tope, likaingia puani, likaingia kwenye sikio. Ubavu ulilia. Na juu yangu nikasikia ile sauti.

"Amka, mzee wa ulezi! Unalala hapa kwani ni kwako?"

Nikajaribu kuamka nikashindwa kwa kucheka. Au kulia, sijui, vilikuwa vinatoka pamoja. Maduhu naye alikuwa ameteleza, amekaa ndani ya lile dimbwi kando yangu, na kifua kilikuwa kinampanda na kushuka.

Akasema polepole, nisikie mimi tu, "Mtani, ng'ombe wa mtu akifa najua la kusema. Kwa Mama Skola sikujua. Kila nikitaka kukutania naona mdomo mzito. Nikasema bora nikae mbali."

Nikamwambia, "Hiyo ni penati."

"Nini?"

"Umenifagia ndani ya boksi. Penati."

"Niligusa mpira kwanza!"

"Mpira ulikuwa umeshapita wewe mkia wa ng'ombe, uligusa goti langu!"

Refa hakupuliza chochote, alikuwa bado anahangaika na miwani. Tukabishana pale pale tumekaa kwenye matope. Gemu ikaendelea bila sisi, na Pito wakaenda kufunga upande wa pili. Tukafungwa siku ile, na mimi sikupata goli. Sijapata goli hadi leo ninavyoandika.

Ubishi tukatoka nao uwanjani. Tukabishana barabarani, yeye anakokota baiskeli, mimi nachechemea. Tukabishana mpaka mlangoni kwangu, na alipofika mlangoni akaingia bila kukaribishwa, jua likiwa bado lipo.

Akatazama huku na huku. Akaona sufuria la jana na kiti kimoja tu mezani. Hakusema pole. Alisema, "Nina njaa," akaenda jikoni kusonga ugali. Ugali wa Kisukuma wakuu, ukiudondosha unapasua sakafu. Tukaula na dagaa.

Tukiwa tunakula akaniuliza, "Asubuhi ile ilikuwaje?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Watu wanauliza alikuwa anaumwa nini. Au wanauliza, alisema nini mwisho? Na hilo la mwisho nilikuwa nalikwepa kwa sababu naona aibu. Wengine wake zao waliaga, walibariki watoto. Mama Skola alikuwa anachambua maharage kwenye sinia. Akaniambia, "Haya maharage ya mwaka huu yana wadudu." Kisha akaegemea ukuta. Basi. Miaka yote ile pamoja, neno la mwisho ni wadudu.

Nikamwambia Maduhu hivyo hivyo.

Akatafuna, akameza, akafikiri.

"Na yalikuwa na wadudu kweli?"

"Yalikuwa nayo."

"Basi alikuwa anakuangalia usije ukala wadudu."

Nililia pale mezani mbele ya mwanaume mwenzangu na ugali mkononi. Yeye akaendelea kula na kunisogezea dagaa. Baadaye akajaribu kuniongelesha Kifipa chake kibovu, Kifipa chenye ng'ombe ndani yake, nikawa namsahihisha. Nilimsahihisha mpaka koo likakauka.

Sasa nisiwachoshe. Funzo ambalo mimi nimelipata ni hili. Aliyefiwa watu mnamwonea huruma kwa kumkalia mbali. Mnashusha sauti, mnampisha, mnamwachia ashinde hata kwenye bao na karata. Najua mnafanya kwa upendo, wenzangu walifanya kwa upendo na siwalaumu hata mmoja. Lakini mtu huyo tayari ana nafasi kubwa mno pande zote, msimwongezee. Kama hapo mtaani kwenu kuna mtu wa hivyo, nenda. Mkopeshe maneno. Mbishie. Mwambie timu yake ni mbovu.

Na sisemi kwamba upweke umeisha. Akiondoka mtu hapa, nyumba inarudi vile vile na kitanda kinarudi vile vile. Nisije nikawadanganya kwamba faulo moja inatibu. Ila ubavu bado unauma nikigeuka, na nikigeuka nakumbuka kuna mtu aliyeugonga.

Mwisho, naomba hukumu yenu, hasa mlio na vyeti vya urefa humu ndani. Sentafowadi ameshageuka, mpira umeshapita, stopa anakuja kwa miguu miwili ndani ya kumi na nane. Ni penati au siyo penati?

Maduhu mwenyewe yuko hapa. Alikuja baada ya ibada, amekaa kiti cha pili, ananichungulia begani nikiandika na anataka nifute pale niliposema ana mifupa mitupu. Baiskeli yake ipo nje. Kesho anashuka Milepa kwenye ng'ombe wao, atakaa huko kwa muda. Amesema haondoki hapa mpaka aone jibu la mtu wa kwanza.

Karibuni mchangie, wakuu. Ila naomba msijibu haraka.